Pimbi Aliyesema Anakula Jua

Paukwa.

Pakawa.

Hao ni nusu. Nusu nyingine midomo imejaa viazi. Meza kwanza, halafu uitike. Paukwa.

Pakawa.

Sasa mmenikaribisha. Bi Mwajabu, asante, viazi vyako nimeviona, harufu yake nimeipata tangu kule bombani, lakini mimi nimeshiba. Nimeshiba kabisa. Kijana wa kubeba matofali kama mimi nikinywa chai asubuhi nafika jioni, sitetereki. Wape watoto. Na wewe Kitundu usinicheke. Mimi shule niliacha darasa la tano kwa hiari yangu. Wewe umefika la saba na bado hujui kwa nini pimbi anatafuna kitu ambacho hakipo. Unajua? Hujui. Basi kaa chini nikufundishe bila ada.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na mwamba. Mwamba mkubwa, mweusi, katikati ya nyika, umelala kama mgongo wa kiboko. Juu ya mwamba uliishi ukoo wa pimbi. Chini ya mwamba, kwenye majani makavu, aliishi Sange.

Sange mnamjua. Si panya, ingawa ukimwita panya hatabisha, hana muda. Pua ndefu kama mdomo wa birika. Miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Sange ana kazi mbili duniani, kufagia na kula. Anazifagia njia zake. Anashika jani, anatupa kulia. Anashika kijiti, anatupa kushoto. Fya, fya, fya. Njia inatakata, nyembamba, imenyooka kutoka kichaka hadi kichaka. Halafu anapita humo mbio. Tiri-tiri-tiri, anaokota mchwa. Tiri-tiri-tiri, anaokota siafu. Anafagia, anakula. Anakula, anafagia. Hasimami.

Pimbi naye mnamjua. Mnene, hana mkia, ana uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Pimbi haamki kama wewe na mimi. Baridi ya usiku humpooza. Jua likichomoza anatoka kwenye ufa wake polepole, anajibwaga juu ya jiwe, pu, anafunua tumbo. Anangoja mwili upate moto. Ukoo mzima unalala hapo, mmoja kando ya mwenzake, kama maandazi kwenye sinia. Wakishapata moto ndipo wanashuka kutafuta majani.

Katika ukoo huo palikuwa na pimbi mmoja kijana, jina lake Chubwi. Chubwi alikuwa na mdomo. Siyo wa kulia, wa kusemea. Kila asubuhi Sange akipita chini ya mwamba, Chubwi anainua kichwa.

"Dada Sange, mdomo wako hauna siku ya kupumzika?"

"Nina haraka, kaka."

"Jana umekula. Juzi umekula. Leo unakula. Unapeleka wapi chakula chote hicho na wewe mwenyewe ni mfupa na pua?"

"Kinawaka, kaka. Nikila kinawaka. Kikiwaka nakimbia. Nikikimbia kinaisha. Kwaheri."

Tiri-tiri-tiri, ameshapotea.

Pimbi wote wanacheka. Hata Mjusi anacheka. Huyu Mjusi alikuwa jirani yao wa mwambani, kichwa chekundu, na kichwa hicho hakijui kukataa. Ukisema lolote, kinakwenda juu, kinakwenda chini, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Chubwi alimpenda sana Mjusi. Na kicheko kile kilimnoga Chubwi kuliko majani. Mtu akishazoea kuchekewa, wenzangu, atasema chochote ili achekewe tena. Msinitazame mimi. Namsema pimbi.

Basi kiangazi kikaingia. Kiangazi kikali. Nyasi zikawa njano, zikawa nyeupe, zikawa vumbi. Mchwa wakazama chini ya ardhi. Pimbi wakawa wanashuka asubuhi, wanatembea, wanatembea, wanarudi jioni na nusu tumbo. Watoto wakiuliza kesho kutakuwa na nini, mama zao wanajibu, kesho ni kesho.

Chubwi peke yake hakukonda.

Kwa nini? Nyuma ya mwamba, kwenye ufa ambao hakuna aliyeupita, palikuwa na kichaka cha mkole. Mizizi yake ilikuwa imeingia ndani ya jiwe ikakuta maji. Kiangazi kizima mkole ule ulikuwa na majani mabichi, laini, ya kuteleza kooni. Chubwi aliuona siku moja alipokuwa anamkimbia tai. Akala. Akashiba. Akafuta mdomo. Akarudi kwa wenzake akanyamaza kimya.

Asubuhi moja, kiangazi kikiwa kimekolea, pimbi wanashuka, yeye kalala.

"Chubwi, huendi kula?" akaulizwa.

Angeweza kusema ninaumwa. Angeweza kusema nimechoka. Angeweza, fikirini tu, kusema nimeona mkole, njooni. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Kula?" akasema. "Mimi nimeacha kula. Siku hizi nakula jua."

Wakacheka. Kisha wakamtazama tumbo. Tumbo mviringo, manyoya yanang'aa. Kicheko kikakatika.

"Kweli?" akauliza mmoja.

Chubwi akamgeukia Mjusi. "Mjusi, wewe unaota jua kila siku. Si kweli?"

Kichwa cha Mjusi kikaenda juu, kikaenda chini. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Habari ikaruka. Ikafika kwa ndege, ikafika kwa sungura, ikafika kwa nyani wa bondeni. Kuna pimbi anakula jua. Chubwi akatunga na wimbo. Nikiimba mimi, nanyi mwitikie mstari wa kwanza, msiniachie peke yangu:

*Jua langu, chungu changu,*
*Sipiki wala sichumi,*
*Nafunua tumbo langu,*
*Nashiba bila ulimi.*

Wakampa heshima. Na heshima ya pimbi ni mahali pa kulala. Pale juu kabisa pana jiwe linaitwa Kichwa cha Mwamba. Ndilo linalopigwa na jua la kwanza. Siku zote lilikuwa jiwe la Shangazi Tabu, pimbi mkongwe, mifupa yake ilikuwa na baridi isiyotoka. Wakamwambia, "Shangazi, sogea kidogo, mwenye ujuzi akae." Shangazi Tabu akasogea. Akalala chini kidogo, kwenye kivuli, akangoja jua limfikie likiwa limechelewa. Chubwi akapanda. Akafunua tumbo. Jiwe lilikuwa bado na joto la mwili wa shangazi yake.

Alilisikia joto hilo. Akageukia upande mwingine.

Ila palikuwa na tatizo. Wazee mnisamehe, nitasema mavi. Neno la adabu lipo, lakini hadithi hii haina adabu.

Ukoo wa pimbi una choo kimoja. Mpaka leo. Pimbi hana tabia ya kujisaidia anapojikuta, kama mbuzi. Wote wanakwenda pahali pamoja. Na kila asubuhi Shangazi Tabu alikuwa anapita pale, anainama, anatazama. Hiki kikavu, mtoto wa fulani hapati maji. Hiki laini, kuna mtu kala jani baya. Kwa kutazama tu alijua nani kala, nani hakula, nani mgonjwa. Ndiyo hospitali yao.

Sasa anayekula jua ataweka nini pale?

Tumbo la Chubwi likaguna. Kwa sababu kinachoingia lazima kitoke, hata ukitunga wimbo. Akatafuta mahali. Karibu na ule mkole akaona njia nyembamba, imefagiwa safi, imejificha chini ya vichaka. Hakuna pimbi anayepita hapo. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Pu, pu, pu. Akaondoka.

Kesho yake alipokuja, njia safi. Hakuna kitu.

"Upepo," akasema Chubwi. Pu, pu, pu. Akaondoka.

Keshokutwa, njia safi.

"Upepo wa siku hizi una adabu," akasema. Pu, pu, pu.

Hivyo hivyo siku sita. Hakuuliza ni upepo gani unaofagia njia moja na kuacha nyingine. Mwongo akibahatika haulizi maswali.

Siku ya saba, asubuhi, Chubwi kalala Kichwani mwa Mwamba, wanyama wamejaa kumtazama, pimbi vijana watatu wamelala pembeni yake wamefunua matumbo, nao tangu jana hawajatia kitu mdomoni, wanajifunza. Mara akapanda mtu kutoka chini. Tiri, akasimama. Tiri, akasimama.

Ni Sange. Na Sange kusimama, jamani, mlishaona wapi?

Alikuwa amekwisha. Pua imekuwa ndefu zaidi kwa sababu uso umepungua. Mbavu unazihesabu. Wanyama wakampisha. Akafika mbele ya Chubwi, akainama kwa heshima.

"Kaka Chubwi, shikamoo."

Siku zote alikuwa hamwamkii, anampita mbio. Leo kamwamkia, na Sange ndiye mkubwa. Chubwi akakosa pa kutazama.

"Marahaba," akajibu, kwa sababu watu wanasikia.

"Kaka, mchwa wamezama. Nakimbia nyika nzima napata mmoja. Huyo mmoja halipi mbio nilizomkimbilia. Jioni nakuwa nimepungukiwa kuliko asubuhi. Nina watoto wawili chini ya mzizi pale, wananyonya, na maziwa yanakauka. Ulikuwa unanicheka kwamba nakula mno. Ulikuwa na haki. Nimekuja unifundishe kula jua."

Hapa ndani ya Chubwi neno likainuka. Nawaambia kweli, liliinuka. Likatoka tumboni, likapita kifuani, likafika kooni. Neno lenyewe ni fupi: *usifanye*. Likafika nyuma ya meno.

Akatazama mbele. Macho ya sungura. Macho ya nyani. Macho ya wale vijana watatu.

Akalimeza.

"Ni rahisi, dada," akasema. "Lala. Funua tumbo. Usikimbie, usitafune. Siku ya kwanza ngumu. Ukila hata mchwa mmoja umeharibu, unaanza upya."

Kwenye kivuli Shangazi Tabu akakohoa.

"Sange, mwanangu," akasema, "nisikilize mimi. Jua halitafuniki. Wa kulipika ni jani peke yake. Jani linakaa juani kutwa, linalipika, linaliweka ndani yake. Sisi tunakula jani. Mchwa anakula jani. Wewe unamla mchwa. Wote tunakula jua, lakini lililokwisha kupikwa. Sisi pimbi tunaliota ili tupate joto, tusiteketeze akiba yetu. Kuota siyo kula. Na moto haufanani. Chatu ni gogo, anakula leo anawaka miezi. Mimi ni gogo dogo. Wewe ni moto wa mabua, usipotiwa mabua kwa saa chache unazimika."

Watu wakaanza kunong'ona. Chubwi akaona Kichwa cha Mwamba kinamteleza chini ya mgongo.

"Shangazi," akasema, "hayo mambo ni ya enzi za babu. Au ni hili jiwe lako unalililia?"

Kicheko. Mjusi akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Shangazi Tabu akamtazama mpwa wake, halafu akafumba macho. Sange akalala chali juu ya mwamba, mdogo, mweupe tumboni, kama ganda la karanga. Akafunua tumbo.

Asubuhi, Sange kalala. Moyo wake unapiga, titititititi.

Saa nne, Sange kalala. Miguu imeanza kutetemeka, tiri-tiri, bila kwenda popote.

Adhuhuri jua likawa kali, mwamba ukaunguza. Wanyama wakatawanyika kwenye vivuli, pimbi wakaingia nyufani. Chubwi akamsogeza Sange penye kivuli cha jiwe, akajiambia, nimemsaidia. Kisha akazunguka nyuma ya mwamba, kimya kimya. Akaufikia mkole. Akala. Tafu, tafu, tafu. Leo majani hayakuteleza. Yalikwama. Akala hata hivyo. Akaenda kwenye ile njia. Pu, pu, pu. Na hapo akaona kitu. Ya jana yalikuwa bado pale. Njia haikufagiwa. Majani makavu yameanza kuifunika.

Akashtuka kidogo, hakujua kwa nini. Akafuta mdomo, akarudi.

Sange alikuwa pale pale. Moyo sasa unapiga, ti… ti… ti… Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mwenyewe.

"Kaka," akasema.

"Naam, dada."

"Nadhani nakosea. Labda tumbo silifunui vizuri. Jua linaingia linatoka. Wewe ulifanyaje siku ya kwanza?"

Harufu ya mkole ilikuwa mdomoni mwa Chubwi, akafunga mdomo.

"Hata hivyo nitajitahidi," akasema Sange. "Nina ombi moja. Lina aibu kidogo. Unaijua njia yangu ile ya nyuma, karibu na ufa?"

"Njia yako?"

"Yangu. Kuna pimbi mwenzenu anaumwa. Siku sita anakuja kujisaidia pale, anajificha. Nadhani ana ugonjwa wa tumbo na hataki shangazi yenu ajue. Mtu akijificha hivyo, kaka, ujue ana jambo zito. Basi mimi kila alfajiri namfagilia. Sijamwambia mtu. Leo sikuweza kwenda. Naomba ukampitishie ufagio kabla hajaonekana. Maskini, asije akaaibika."



Watoto, mnajua soni? Siyo ile ya kuchanika suruali. Ile unacheka na wenzako inakwisha. Nasema ile inayoanzia kwenye nyayo. Inapanda. Inapita tumboni inageuza ulichokula kuwa mchanga. Inafika masikioni, masikio yanawaka. Huna pa kuweka mikono. Chubwi alitamani mwamba upasuke aingie ndani. Mwamba haukupasuka. Mwamba una mambo yake.

"Dada," akasema. "Dada, inuka ule. Jua halishibishi."

Sange akatabasamu, macho yamefumba. "Unanihurumia, kaka. Wewe umekaa siku saba. Mimi siku moja itanishinda?"

"Nakwambia kweli. Mimi nakula."

"Unasema hivyo ili nisione vibaya. Una moyo mzuri."

Mnaona mtego? Aliuchimba mwenyewe. Akisema uongo wanaamini. Akisema kweli anasifiwa. Na Sange hali, na moyo unabisha, ti… ti… na chini ya mzizi watoto wawili wanangoja mtu aliyekwenda kujifunza.

Chubwi akapanda Kichwani mwa Mwamba. Akapiga ile mbinja ya hatari ambayo pimbi hupiga akimwona tai. *Kwiiii.* Pimbi wote wakachomoza vichwa. Sungura akaja. Nyani wakaja. Mjusi akaja.

"Mimi nakula," akasema Chubwi. "Nimekula leo. Nimekula jana. Nimekula siku zote saba."

Wakatazamana. Kisha nyani mmoja akaanza kucheka, na wote wakafuata. Huyu Chubwi kwa mizaha. Mjusi, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wale vijana watatu nao wakacheka, wamejilaza, hawana hata nguvu za kucheka vizuri.

Basi Chubwi akateremka. Akazunguka nyuma ya mwamba. Akakaa kidogo. Akarudi, mashavu yamevimba. Akasimama katikati ya wote, akainamisha kichwa, akafungua mdomo.

Mavi. Ya kwake mwenyewe. Akayatema juu ya jiwe safi, moja moja, mbele ya ukoo.

Hakuna aliyecheka.

Shangazi Tabu akatoka kivulini, polepole. Akainama kama anavyoinama kila asubuhi. Akatazama. Akageuza moja kwa ukucha.

"Haya ya leo," akasema. "Na haya ya jana. Mkole. Majani mabichi." Akainua uso. "Pana mkole mbichi wapi, Chubwi?"

"Nyuma. Kwenye ufa."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze, shangazi."

Mama mmoja mwenye watoto wanne alikuwa pale. Akamtazama Chubwi tumbo, halafu akawatazama wanawe matumbo. Chubwi alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Alitamani hata kile kicheko chake cha zamani kirudi kimfunike. Hakikurudi.

Ndipo Sange akageuza shingo. Akayatazama yale mavi. Anayajua, ameyafagia siku sita. Akamtazama Chubwi.

"Kumbe mgonjwa ni wewe, kaka," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa nafuu.

Chubwi akageuka akakimbia. Pimbi mnene, mchana, uwanja mtupu, tai yuko juu, hakujali. Akafika kwenye gogo moja kuukuu. Kwenye gogo palikuwa na ganda la udongo mkavu, na ndani yake mchwa wa mwisho mwisho. Pimbi hana kucha za kuchimba. Akachimba kwa meno. Udongo ukamjaa kinywani. Mchwa askari wakamng'ata midomo, huku na huku, midomo ile ile ya kusemea. Hakuwatema. Akaja nao mbio, akawamwaga mbele ya pua ya Sange.

"Kula, dada. Tafadhali kula."

Pua ikanusa. Ulimi ukatoka. Chk. Mmoja. Chk. Wa pili. Chk, chk. Chubwi akarudi gogoni. Akaja. Akarudi. Akaja. Mara ya nne alipofika, moyo ulikuwa unapiga titititi. Mara ya sita Sange alikuwa amekaa. Mara ya saba hakumkuta. Tiri-tiri-tiri, alikuwa ameshawahi kwa watoto wake.

Akawakuta wazima. Nimewaona mlivyokunja uso, ndiyo maana nawaambia mapema. Wazima.

Wale vijana watatu wakapelekwa mkoleni wakiegemea mama zao. Ukoo wote ukaenda. Wakala jani moja moja, kwa zamu, watoto kwanza, wakaufikisha mkole hadi mvua. Shangazi Tabu akarudi kwenye jiwe lake. Alijilaza tu. Na wimbo ukabaki, isipokuwa watoto wa pimbi waliubadilisha, na watoto mnajua walivyo:

*Jua lako, chungu chako,*
*Mavi ya nani njiani?*

Mvua zikanyesha, watu wakasahau. Wimbo ukaisha. Lakini Chubwi hakusahau. Kila jioni alikuwa anashuka anafagia ile njia ya nyuma, vibaya, maana pimbi hajui kufagia, na Sange anapita baadaye anairudia bila kumwambia. Na asubuhi, akiwa anaota jua na wenzake, Sange akipita chini ya mwamba, sasa ni Sange anayeinua kichwa.

"Umekula, kaka?"

Hiyo tu. Haulizi kwa kejeli. Anauliza kwa sababu anataka kujua.

"Nimekula, dada," Chubwi anajibu, na masikio yanawaka.

"Vizuri." Tiri-tiri-tiri.

Ndiyo maana, Kitundu, mpaka leo ukimwona pimbi anaota jua, tazama taya zake. Anatafuna. Hana kitu mdomoni, lakini anatafuna, taya inakwenda huku, inakwenda huku. Anawaonyesha wapitao. Asije mtu akapita akadhani jua linashibisha, akaenda akalala na njaa kwa ajili yake.

Funzo nalisema wazi, mtu asidai hakulisikia. Kila chenye pumzi kinakula, na kila mmoja ana moto wake, usiupime moto wa mwenzio kwa wako. Njaa siyo aibu. Aibu ni kuficha sahani yako nyuma ya mwamba, halafu umfundishe mwenye njaa kufunga.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye njia ya watu iliyofagiwa. Anayepita aangalie anachokiangusha, maana yuko anayekiokota kimya kimya.

Bi Mwajabu. Vile viazi. Vimebaki?

Hata kimoja. Hata ukoko.

Hapana, sikushiba. Na ile chai ya asubuhi niliyowaambia, nayo sikunywa.